Kupatwa kwa jua Rujewa 2016: asilimia 97 ilizibwa, mbona giza halikuingia?

#1 Mpunga wa Usangu
Wakuu habari za jioni. Kuna jambo limenikaa kichwani miaka yote hii, leo nimeona nililete humu. Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, wilaya ya Mbarali mkoani Mbeya, nyumbani kabisa, siku ile jua lilipopatwa. Wiki nzima kabla yake tunaambiwa jua litazibwa asilimia 97, watu wakaja na mabasi kutoka Mbeya, Iringa hadi Dar, wazungu na makamera yao marefu, gesti zote zikajaa, na mama yangu akajaza mafuta kwenye chemli akaiweka mezani tangu saa nne asubuhi akijua mchana ule tutaihitaji. Mimi nikajua giza litaingia kama la saa mbili usiku. Ikafika kwenye saa sita, pete ikatokea kweli, ukingo wa jua umeuzunguka mwezi, nzuri mno sitaisahau mpaka naingia kaburini, LAKINI giza hakuna. Mwanga ulipoa tu ukawa kama wa jioni, ila vivuli viko palepale chini ya miguu. Chemli ya mama haikuwashwa. Sasa kama 97 imezibwa na imebaki 3 tu, iweje niendelee kuona hadi mabua ya mpunga shambani kwa jirani? Mwalimu mmoja pale uwanjani akaniambia ni vumbi. Sijaridhika hadi leo. Wenye elimu karibuni.

#2 Kidole Juu
Nakaa hapa nasoma komenti. Mimi siku hiyo nilikuwa Dar, sisi tuliona kipande kama ndizi tu, wala mwanga hatukuona tofauti kubwa, wauza matunda waliendelea na biashara zao.

#3 Mwl. Nuru
Karibu mkuu, swali zuri sana hili. Kwanza turekebishe hesabu. Hiyo 97 ni upana, yaani kipenyo cha mwezi ukikipima na cha jua kama tunavyoviona angani. Mwanga unaenda na eneo, sio kipenyo. Kwa usahihi zaidi ni 97.4, zidisha 0.974 kwa 0.974 utapata kama 0.95, kwa hiyo iliyobaki ni asilimia 5, siyo 3. Na asilimia 5 ya jua la saa sita la Mbarali ni mwanga mwingi mno. Jua linang'aa karibu mara 400,000 kuliko mwezi mpevu. Gawa kwa 20, unabaki na mwanga wa miezi mipevu 20,000. Sasa kwa mwezi mpevu mmoja watu wanatembea shambani usiku bila tochi, jumlisha mwenyewe. Vumbi halihusiki hapo.

#4 Mpunga wa Usangu
Asante mwalimu, hapo kwenye eneo umenifungua macho. Ila bado. Hata kama ni sehemu moja ya ishirini, mbona sikuona kama umepungua mara ishirini? Mimi ningekwambia umepungua nusu, basi.

#5 Dada wa Macho
Hapo sasa ni kazini kwangu, nashughulika na macho kila siku. Jicho halipimi mwanga kama mizani ya sokoni. Tundu la mboni linapanuka mwanga ukipungua, na nyuma ya jicho kwenyewe kunajirekebisha polepole. Siku ile jua lilianza kuliwa saa nne na kitu asubuhi, pete ikaja karibu saa mbili baadaye, kwa hiyo jicho lako lilipewa muda wa kutosha kuzoea. Fanya jaribio dogo, toka juani saa saba mchana uingie ghafla kwenye nyumba ya udongo yenye kidirisha kimoja, hutaona hata kiti. Kaa humo dakika kumi, utaona mpaka sindano. Mle ndani kuna mwanga mdogo kuliko ule wa Rujewa wakati wa pete. Kwa hiyo mwanga ulipungua sana, ni wewe hukuambiwa na macho yako.

#6 Fundi Geti
Nakubali nusu. Lakini mnasahau hewa. Anga lenyewe linamulika. Ukiwa kwenye kivuli cha nyumba jua halikupigi lakini unasoma gazeti, kwa sababu bluu yote ile ya juu inakurudishia mwanga. Na siku ile eneo la pete lilikuwa na upana wa kama kilomita 100 tu, nje ya hapo kote jua linawaka zaidi na zaidi. Mimi nasema mwanga mwingi mliokuwa mnauona ulikuwa unatoka pembeni, wa Makete, wa Iringa, unakuja kwenu kupitia hewa.

#7 Mwl. Nuru
Fundi, hiyo inafanya kazi zaidi jua likizibwa lote. Kwenye pete, hewa iliyo juu ya kichwa chako nayo inapigwa na ileile asilimia 5, na hiyo inashinda mwanga wowote wa kutoka Iringa.

#8 Fundi Geti
Umepima?

#9 Mwl. Nuru
Sijapima, nimepiga hesabu.

#10 Fundi Geti
Basi tuko sawa, mimi pia sijapima.

#11 Mzee wa Voi
Hamjambo wanangu. Nimeusoma uzi huu nikaona niseme, kwa sababu mimi giza hilo mnalolitafuta niliwahi kuliona. Tarehe 16 Februari 1980, siku ya Jumamosi, jua lilipatwa lote kusini mwa Kenya, na Tanzania pia ukanda ulipita. Nilikuwa kijana wa shule. Ilikuwa kabla ya saa sita mchana. Kwa saa nzima na zaidi tulikuwa tunaona mambo kama hayo ya Rujewa, mwanga umepoa, rangi ya ardhi imekuwa kama ya chuma, na wenzangu wengine walishaanza kusema aah, ni hivi tu? Kumbe bado. Ile dakika ya mwisho haina mfano. Giza lilikuja likitoka upande wa magharibi kama mtu anayevuta blanketi. Jua likawa shimo jeusi, kando yake nywele nyeupe zimesambaa pande zote, na chini yake kidogo upande wa mashariki ikawaka nyota moja kubwa, baadaye nikaja kuelewa ni Zuhura. Pembeni pote, kuzunguka upeo wa macho, kulikuwa na wekundu kama machweo ya pande zote nne kwa pamoja. Mama yangu alikuwa ameshika ungo wa mahindi, hakuutua chini wala hakusema neno. Ikakaa karibu dakika nne hivi. Halafu nukta moja ya mwanga ikachomoza ukingoni na mara ile ile mchana ukarudi. Nukta moja tu! Ndipo nilipojua jua lina nguvu gani. Kwa hiyo kijana wa Usangu, asilimia 5 yako ni nyingi. Hata moja ni nyingi.

#12 Mpunga wa Usangu
Shikamoo mzee wangu. Nimesoma hii mara tatu. Hapo kwa mama na ungo nimemkumbuka mama yangu na chemli yake.

#13 Mzee wa Voi
Marahaba mwanangu.

#14 Fundi Geti
Na huo wekundu wa pande zote alioona mzee ndio mwanga wa pembeni ninaousema. Asante mzee.

#15 Kidole Juu
Sasa swali la mtu asiyesoma sayansi. Kwa nini 1980 mwezi ulitosha kuziba jua lote na 2016 haukutosha? Mwezi ulinenepa ukakonda?

#16 Mwl. Nuru
Haukukonda, ulikuwa mbali zaidi. Njia ya mwezi siyo duara kamili, kuna wakati uko kama kilomita 356,000 kutoka kwetu na wakati mwingine unafika 406,000. Jua ni pana karibu mara 400 kuliko mwezi, lakini pia liko mbali karibu mara 400, ndiyo maana angani vinalingana. Chukua sarafu, nyoosha mkono uzibe taa ya barabarani, isogeze karibu na jicho itaziba na zaidi, isogeze mbali taa itachungulia pembeni. Pete ndiyo hiyo. Na mwezi unaendelea kutuacha kila mwaka sentimita 3.8, kuna siku huko mbele sana vizazi vitakuwa vinaona pete tu, hilo la mzee halitatokea tena.

#17 Wa Ngong Road
Wakenya tuko hapa. Nairobi tulipata pete yetu Ijumaa tarehe 15 Januari 2010, asubuhi watu wakienda kazi. Mimi nilikuwa kwa steji nangoja matatu nikadhani ni mvua inakuja, nikaangalia juu hakuna wingu. Sasa mkisema 2016 ilikuwa 95 ya eneo, ile yetu mwezi ulikuwa mbali kabisa, mwalimu thibitisha.

#18 Mwl. Nuru
Kweli kabisa. 2010 ilikuwa kama asilimia 84 ya eneo, pete nene. Na kwa sababu mwezi ulionekana mdogo hivyo, pete ilidumu sana, huko katikati ya Bahari ya Hindi ilifika dakika 11 na sekunde 8, na hakuna pete nyingine itakayoipita kwa urefu hadi mwaka 3043. Ya 2016 ndefu kabisa ilikuwa dakika 3 na sekunde 6.

#19 Mtembezi
Na hiyo dakika 3 ilipatikana Rujewa peke yake duniani, ndiyo maana watu walijazana pale.

#20 Mpunga wa Usangu
Hapana mkuu, hata kama ni kwetu ngoja niseme ukweli. Ukanda ulianzia baharini huko Atlantiki, ukapita Gabon, Kongo zote mbili, ukaingia Tanzania, Msumbiji, Madagaska hadi kisiwa cha Réunion. Na pale ilipokuwa ndefu zaidi ni huku kusini mwa nchi kuelekea mpaka wa Msumbiji. Rujewa ilipendwa kwa sababu Septemba kwetu mbingu ni safi na barabara kuu ya Mbeya inapita jirani.

#21 Mtembezi
Nimeelewa, asante. Lakini babu yangu alisema jua hupatwa kila baada ya miaka 18, kwa hiyo 2034 litarudi Rujewa.

#22 Mwl. Nuru
Babu alishika jambo la kweli ila limekatika katikati. Ni miaka 18, siku 11 na saa 8 hivi. Hizo saa 8 ndizo zinazoharibu, dunia inakuwa imezunguka theluthi moja zaidi, kwa hiyo kivuli kinaangukia nchi nyingine. Hilo la mzee wa Voi la 1980 lilirudi 1998 kule Karibiani, likarudi tena Machi 2016 Indonesia, na 2034 linarudi Afrika lakini juu zaidi, Nigeria, Chad, Sudan, Misri. Miaka 54 ndiyo linakaribia kurudi upande uleule.

#23 Binti Unguja
Assalaam alaykum. Nyie mnahesabu, mimi nataka kuuliza neno lenyewe. "Kupatwa." Jua limepatwa na nani? Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ni joka, mwezi umepatwa na joka, na walipokuwa wadogo walitoka nje na masufuria na vinu wakapiga kelele hadi joka liuteme. Kwa hiyo kwake yeye "kupatwa" ni kunaswa. Sisi tulipofika chuoni maalim akakataza hayo masufuria, akatusomea hadithi ya Mtume (s.a.w.), kwamba siku alipofariki mwanawe Ibrahim jua lilipatwa na watu wakasema ni kwa ajili ya msiba ule, Mtume akawaambia jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mungu, hazipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake, mkiona hivyo salini. Usiku wa Jumapili tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipokuwa mwekundu, tulisali rakaa mbili zile zenye rukuu mbilimbili, halafu tukakaa barazani tukautazama. Ulizibwa wote kuanzia saa mbili na nusu hadi karibu saa nne kasoro dakika nane. Hakuna aliyegonga sufuria ila mjomba alicheka akasema mikono inamwasha.

#24 Kidole Juu
Mimi nadhani kupatwa ni kama kupatwa na homa, kupatwa na msiba. Jua limepata baya. Hakuna joka hapo.

#25 Mzee wa Voi
Mwanangu, "pata" ya zamani ina ukali wake. Kisu kinapata, yaani kinakata. Mimi ningelitafuta huko.

#26 Wa Ngong Road
Mzee hiyo ya kisu sijawahi kufikiria kabisa. Kwa hiyo jua limekatwa?

#27 Binti Unguja
Ndizi ya Kidole Juu kule Dar ilikuwa imekatwa kweli 🙂 Lakini mimi nabaki na joka la bibi.

#28 Mwenye Kuku
Jamani mbona hakuna aliyegusa kuku. Nafuga kuku wa kienyeji, siku hiyo nilikuwa Igawa, jirani tu na Rujewa. Kuku wangu walianza kusogea bandani mwanga ulipopoa, jogoo akawika katikati ya mchana. Kama giza halikuingia, kuku walijuaje?

#29 Mpunga wa Usangu
Wa kwetu waliendelea kuparua tu.

#30 Dada wa Macho
Kuku anaangalia kasi ya mwanga kupungua, ndivyo nilivyowahi kufikiri, macho yake hayaoni vizuri gizani kwa hiyo anawahi.

#31 Fundi Geti
Baridi. Joto lilishuka, kuku akasikia jioni imefika.

#32 Kidole Juu
Au wageni na makamera yao waliwatisha.

#33 Mwenye Kuku
Igawa kwangu hakukuwa na mgeni hata mmoja.

#34 Mjukuu wa Chimala
Ngoja niseme kitu nilichokiona kwa karibu maana hamjakitaja. Nilikuwa chini ya mwembe. Kila mara chini ya mwembe unaona vidoa vya mwanga vya duara vinavyocheza majani yakitikisika. Siku ile vidoa vyote vikageuka hilali, mamia kwa mamia, zote zimeelekea upande mmoja, na pete ilipofika kila kidoa kikawa pete. Mwalimu wetu alikuwa amevaa shati jeupe, akasimama chini ya mti, tukahesabu pete mgongoni kwake mpaka zikatushinda. Mama ntilie wa pale akaleta chujio la chai akalishika juu ya sahani, pete zikajaa sahanini. Sisi watoto tulisahau hata kutazama juu. Kila nikikaa chini ya mti mchana huwa natazama vidoa vile, sasa najua kila kimoja ni picha ya jua.

#35 Mwl. Nuru
Hii komenti ndiyo bora ya uzi mzima. Kila upenyo mdogo kati ya majani ni kamera. Na ndiyo njia salama kuliko zote.

#36 Dada wa Macho
Hapo kwenye usalama naomba mnisikilize wote, hili linaniuma. Baada ya siku ile nilimuona kijana aliyetazama jua kwa kupitia filamu ya eksirei, dakika chache tu. Akabaki na doa katikati kabisa ya anachokitazama, akitazama uso wa mtu anaona masikio, pua haipo. Nyuma ya jicho hakuna maumivu, linaungua na wewe husikii kitu hadi kesho yake. Pete haina usalama hata sekunde moja. Jua likizibwa lote kama la mzee, hapo tu ndipo unaweza kutazama kwa macho matupu, na nukta ikirudi unageuka. Filamu ya eksirei hapana, miwani ya jua hata tatu ukizipanga hapana, beseni la maji hapana.

#37 Kidole Juu
Beseni la maji wote tulitumia tukiwa wadogo dada.

#38 Dada wa Macho
Najua. Msitumie tena.

#39 Fundi Geti
Na vioo vyetu vya kuchomelea je? Watu walikuja kuniazima.

#40 Dada wa Macho
Namba 14 ndiyo sawa. Wewe unayo ya namba ngapi?

#41 Fundi Geti
Gereji nyingi zina 10 na 11. Nashukuru umesema, 11 niliyomwazimisha jirani ilikuwa na kiwaa akaniambia inachoma, nikadhani anadeka.

#42 Mswahili wa Jeddah
Salaam kutoka Jeddah, mimi ni wa Mombasa niko huku kikazi. Huku mazungumzo yote ni tarehe 2 Agosti 2027. Jua linapatwa lote, ukanda unatoka Hispania na Moroko, unapita Misri ambako Luxor itakuwa karibu dakika 6 na sekunde 20, halafu unaingia huku, Jeddah imo, Makka imo, kisha Yemen na ncha ya Somalia. Mzee wa Voi karibu sana, chumba kipo.

#43 Mzee wa Voi
Ahsante mwanangu, kwa umri huu nikijaliwa nitafunga safari. Nikifika Makka nitakuwa nimeona mawili. Nyumbani kwetu tutaona la kipande tu siku hiyo.

#44 Wa Ngong Road
Na tusisahau Turkana wapendwa. 3 Novemba 2013 watu walipanda ndege na magari hadi Sibiloi kwa sekunde kama 14 tu za giza, wingu na dhoruba ya vumbi vikaja dakika za mwisho vikaziba. Rafiki yangu alikuwepo. Anasema aliona giza likiingia lakini jua lenyewe hakuliona. Hapo vumbi limeingia kwenye hesabu mwalimu 😀

#45 Mwl. Nuru
Hapo kweli lilihusika.

#46 Mtembezi
Na hawa wanaosema Zuhura nayo hupita mbele ya jua?

#47 Mwl. Nuru
Hupita, nukta nyeusi tu. Ilipita 2004, na asubuhi ya 6 Juni 2012 sisi tuliwahi mwisho wake jua lilipochomoza. Nyingine ni Desemba 2117, watakaoiona hawajazaliwa.

#48 Mpunga wa Usangu
Nimerudi. Nimempigia mama simu nikamsomea uzi. Kwenye komenti ya mwembe akasema mbona yeye aliziona zile pete, ziliingia kwa matundu ya bati zikakaa ukutani jikoni, akadhani ni wadudu. Halafu ameniuliza kama kwetu litapatwa tena.

#49 Mwl. Nuru
Mwambie 21 Mei 2031, pete tena, inatoka Angola, Zambia, inapita Tanzania kwenda India. Aweke chujio karibu.

#50 Mpunga wa Usangu
Nitamwambia. Sasa lililobaki kwangu ni upepo. Dakika chache kabla ya pete upepo ulikata kabisa, bendera ya shule ikalala kwenye mlingoti. Au nao tutasema ni macho?

#51 Fundi Geti
Ardhi imepoa, hewa haipandi tena, upepo unakosa wa kuusukuma.

#52 Mwenye Kuku
Kwangu Igawa upepo ulizidi. Ndio uliowaingiza kuku bandani.

#53 Fundi Geti
Ulizidi? Kilomita chache tu kutoka Rujewa? Saa ngapi hiyo mkuu, kabla ya pete au baada?